Sanduku, Jiko na Simu: Habari za Vyombo Vilivyotufikisha Miaka Kumi



Kamati ilipogawa kazi za kijitabu hiki, katibu alipewa hesabu, mweka hazina akapewa orodha ya mikopo, na mimi mwenyekiti wenu nikaambiwa niandike historia. Nilikaa na daftari siku tatu sikupata hata mstari mmoja. Nani alichaguliwa lini, mgeni rasmi alikuwa nani, pilau ilipikwa sufuria ngapi, hayo mnayajua, na picha zake zimo humu humu. Nikasema moyoni, mimi mama niliyemaliza darasa la saba mwaka 1984 niandike kile ninachokijua kwa mikono yangu. Ndiyo maana nimeandika habari za vyombo.

Iko sababu nyingine. Mkutano mkuu wa mwaka huu utaulizwa jambo zito: tuache sanduku letu la bati na kuweka hisa zetu kwenye simu, au tubaki nalo. Nimesikia maneno mengi huko sokoni na kwenye misiba. Wapo wanaosema wanaokataa simu ni washamba, wapo wanaosema wanaoitaka simu wana yao. Naomba kabla hatujanyosheana vidole tukumbuke tulikotoka, maana kikundi hiki kilishawahi kumwonea mtu kwa ajili ya simu. Nitalisema jambo hilo wazi mbele, kwa kuwa mwenyewe ameniruhusu.

Nianze na sanduku. Lilichomelewa na fundi wa hapa hapa Tanga, kwa bati nene, likapakwa rangi ya bluu ambayo sasa imebabuka pembeni. Lina sehemu tatu za kutia kufuli, na kufuli zenyewe tatu, kila moja na ufunguo wake. Funguo zinakaa kwa akina mama watatu ambao si viongozi. Sanduku lenyewe linalala kwa mama wa nne, ambaye hana ufunguo hata mmoja. Basi mwenye sanduku hawezi kulifungua, na wenye funguo hawana la kufungua, mpaka Alhamisi tukutane sote chini ya mwembe.

Mpango huu haukuanzia kwetu. Ulianzia nchi ya Niger, Afrika Magharibi, sehemu za Maradi, mwaka 1991. Shirika la CARE lilikuwa likifanya kazi na wanawake wa vijijini kule, na mwanamke mmoja wa Norway, Moira Eknes, akautengeneza mpango huo pamoja nao. Kwa Kihausa waliuita Mata Masu Dubara, yaani wanawake wenye werevu. Akina mama wale walikuwa tayari wana upatu wao kama tuliokuwa nao sisi, ule wa kuchanga na kupeana kwa zamu. Ubaya wa upatu mnaujua. Zamu yako inaweza kufika wakati huna shida, na shida ikaja wakati zamu imepita. Walichobadilisha ni kwamba fedha isigawanywe siku ile ile, ibaki, ikopeshwe kwa mwenye haja, irudi na faida, halafu mwisho wa mwaka kila mmoja apewe kadiri ya alivyoweka.

Sasa wengi wa akina mama wa Maradi hawakujua kusoma wala kuandika. Mtu mwingine angesema wapelekwe kwanza darasani. Kilichofanyika ni kuwatazama wanavyokumbuka mambo yao. Mwisho wa kikao jumla ya fedha ilitangazwa kwa sauti na watu wakaishika kichwani, kikao kilichofuata wakaulizwa kabla fedha haijaguswa. Nasi tunafanya hivyo hivyo mpaka leo, na mnajua kwamba bibi yetu mkubwa, ambaye hajui herufi a, hajawahi kukosea hata mara moja. Sisi wenye madaftari ndio tunaokosea.

Mpango ukaenea nchi nyingine. Huku kwetu, Zanzibar na bara, ulishika mwanzoni mwa miaka ya 2000, na jina lililozoeleka likawa VICOBA. Njiani uliongezewa kile kijitabu cha hisa tunachokitumia. Mnajua kilivyo: hisa moja mhuri mmoja, na mwisho ni hisa tano kwa kikao. Mhuri wetu ni wa samaki. Aliyeweka hisa tatu anagongewa samaki watatu, na nafasi mbili zilizobaki zinapigwa mstari hapo hapo ili asije mtu kuzijaza usiku. Mama asiyejua kusoma anafungua kijitabu chake nyumbani, anahesabu samaki, anajua ana kiasi gani. Hahitaji kumwita mtoto wa shule, wala mumewe.

Mimi hilo la samaki lilinigusa sana wakati tunaanza. Kabla ya hapo nilikuwa na kitabu cha akiba mahali fulani, kila mwezi naandikiwa tarakimu na herufi za mkato ambazo mpaka leo sijui maana yake. Nilikuwa nikiuliza naambiwa "mama, iko sawa tu." Nikaona haya kuuliza tena. Nikadhani ujinga ni wangu.

Sanduku nalo lina kasoro zake, nisije nikalisifia kama arusi. Mwaka 2017 mwenye ufunguo mmoja alikwenda msibani Handeni akaondoka nao kwenye kanga yake. Siku hiyo mwenzetu muuza samaki alikuwa na mtoto hospitali na alihitaji fedha ya mfuko wa jamii. Tulikaa tukilitazama sanduku kama tunatazama chungu kisicho na moto. Ilibidi tuchangishane mifukoni. Wapo waliosema tuvunje kufuli, wengine wakasema tukivunja leo tutavunja kila siku. Hatukuvunja. Tangu siku hiyo mwenye ufunguo akisafiri anaukabidhi mbele ya watu wawili, na jambo limekwisha.

Lakini tazameni kitu kimoja. Miaka kumi yote hakuna aliyesema "mweka hazina mwizi." Watu wema wapo na wabaya wapo, sisi si malaika. Ni kwamba sanduku lenyewe limetengenezwa kwa namna ambayo swali hilo halina pa kuanzia. Fundi yule hakuchomelea bati peke yake. Alichomelea na amani yetu.

Sasa jiko. Nalitaja kwa kuwa ndilo lililokuwa mkopo wetu wa kwanza wa pamoja, mwaka 2016, tuliponunua majiko 25 ya mkaa, yale ya bati yenye udongo ndani, kila mwanachama akalipa kidogo kidogo kwa wiki nane.

Jiko tulilokua nalo watoto lilikuwa la bati tupu. Jiko la namna ile lililetwa na mafundi wa Kihindi waliokuja kujenga reli ya kutoka Mombasa, iliyoanza mwaka 1896, likaenea miji yote ya huku. Ni jepesi na bei yake ndogo, lakini moto wake unakwenda kila upande, nusu unapika chakula na nusu unapika miguu yako. Mimi nina kovu kwenye mguu wa kulia la mwaka 1993, na mwanangu wa pili analo la mkononi.

Watu wenye nia njema walijaribu kutusaidia akina mama na majiko tangu zamani, na mara nyingi wakakosea. Huko Guatemala, baada ya tetemeko la mwaka 1976, lilitengenezwa jiko kubwa la udongo na mchanga lenye bomba la moshi na mashimo ya kuwekea sufuria, likaitwa Lorena. Lilisifiwa, likapelekwa nchi nyingi. Lilipopimwa vizuri baadaye ikaonekana kuni halipunguzi kama ilivyodhaniwa, maana udongo wote ule unakunywa joto kabla sufuria haijapata kitu. Na sufuria isiyolingana na shimo, moshi unatoka pembeni kama kawaida. Jiko la namna hiyo huwezi kulihamisha mvua ikija wala kulipeleka uani jua likizidi. Wenye kulitengeneza walijua habari za moshi. Mpishi hawakumjua.

Majiko yetu ya udongo yana historia ya namna nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kenya, watu wa mradi wa nishati walitazama jiko la Thailand lenye umbo la ndoo, bati nje na chungu ndani. Lilibana mkaa vizuri. Lakini huku kwetu kuna ugali, na ugali hausongwi kwa kubembeleza. Unakandamiza mwiko kwa nguvu za bega, na kitu chenye kitako chembamba kitapinduka na sufuria yake. Basi likatengenezwa umbo jipya, watu kama Maxwell Kinyanjui wakiwamo katika kazi hiyo, na mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo pale Nairobi wakalichukua wakaligonga kwa nyundo zao za kila siku. Likapewa kiuno: juu pana, katikati jembamba, chini pana. Udongo ukawekwa nusu ya juu tu, pale moto unapokaa, ili jiko lisiwe zito kulibeba.

Angalieni sasa hekima iliyomo. Mama aliyezoea jiko la zamani hakuhitaji kufundishwa kitu. Mkaa ni ule ule, anawasha vile vile, kidirisha cha hewa kipo pale pale chini, sufuria zake za zamani zinakaa, kubwa na ndogo. Anapata tu kwamba mkaa unakawia kuisha. Jiko hilo hupunguza mkaa kiasi cha theluthi mpaka nusu, inategemea na mpishi. Kwangu debe lililokuwa likiisha siku mbili likaanza kufika siku ya tatu, na chai ya asubuhi juu yake. Udongo ukipasuka unanunua udongo mwingine bila kununua jiko. Kufika katikati ya miaka ya 1990 majiko hayo yaliyokuwa yakitumika Kenya yalikadiriwa kupita 700,000, na sura yake ilikwishavuka mipaka mpaka kwetu.

Wengi wenu sasa mmehamia gesi, hata mimi ninao mtungi mdogo wa kilo 6 wenye kichwa cha jiko juu yake. Nao umefikiriwa vizuri, hauna mpira wa kuvuta. Lakini maharage bado nayabandika kwenye mkaa, na sitaki mtu aniulize.

Nije kwenye simu, ambako ndiko kwenye maneno.

Simu yangu ya kwanza niliinunua mwaka 2006, ule mwaka wa ukame na mgao mkubwa wa umeme. Ilikuwa Nokia 1100, ile tuliyoiita kitochi. Vijana wa leo wanaicheka. Mimi siwezi kuicheka. Ilitoka mwaka 2003, na ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Mwaka 2005 kampuni ile ya Finland ilipofikisha simu yake ya bilioni moja, simu hiyo ilikuwa 1100 na iliuzwa Nigeria. Si simu ya wakubwa hiyo. Ni simu ya watu kama sisi.

Kwa nini? Chukua mkononi uone. Vitufe vyake vimefunikwa na mpira mmoja usio na nafasi katikati, vumbi na unga haviingii. Ubavuni ina mikwaruzo ili isikuteleze ukiwa na mikono ya mafuta au jasho. Na juu ina tochi. Huitafuti tochi popote kwenye orodha, unakandamiza kitufe cha C, taa inawaka. Gizani, mtoto analia, huna haja ya kuangalia, kidole gumba kinajua njia. Yule aliyeweka tochi pale alikaa akafikiri kwamba kuna mtu mahali fulani duniani anakwenda chooni usiku na kibatari kinazimwa na upepo. Mimi simjui wala hanijui, lakini mwaka ule wa mgao nilimwombea dua zaidi ya mara moja.

Halafu ikaja kutuma hela. Habari yake ni nzuri na inafaa tuijue. Watu wawili wa Vodafone ya Uingereza, Nick Hughes na Susie Lonie, walikuwa na wazo la kuwawezesha wakopaji wadogo wa Kenya kurejesha mikopo yao kwa simu. Oktoba 2005 wakaanza majaribio Nairobi na Thika, watu mia chache tu. Wale wakopaji wakafanya ambayo hayakutarajiwa. Mtu anamtumia mwenzake wa kikundi, mwingine anamtumia ndugu yake aliye mbali, mwingine anaweka hela asubuhi hapa na kuitoa jioni kule ili asitembee nayo barabarani. Wangeweza kuwaambia "hapana, tumieni kama tulivyowafundisha." Badala yake waliyaona hayo, wakaliweka pembeni lile la mikopo, na tarehe 6 Machi 2007 M-Pesa ikafunguliwa Kenya kwa kazi moja, kutuma hela nyumbani. Mwaka 2008 ikaja Tanzania. Uzuri ni kwamba haikutaka simu mpya. Kitochi changu kiliweza. Unabonyeza namba, inakuuliza swali moja, unajibu, inakuuliza la pili.

Kwa hiyo mwaka 2016 kikundi chetu kilipoanza kununua mchele kwa pamoja kutoka Mombo, tuliona hakuna haja ya mtu kupanda basi na fedha kwenye sidiria. Tukamchagua mwenzetu mmoja, mwaminifu, mwenye mwandiko mzuri kutushinda wote, awe anatuma. Alituma mara tatu, hakuna tatizo.

Mara ya nne ilikuwa shilingi 180,000. Mvua ilikuwa inanyesha, mwenye mchele anapiga simu anahimiza, na yeye alikuwa amembeba mjukuu mgongoni. Namba ya simu ina tarakimu kumi. Alikosea moja. Akaweka namba ya siri, hela ikaenda kwa mtu tusiyemjua. Alipopiga kwa watoa huduma wa mtandao ule akaambiwa subiri, akasubiri, mwisho akajibiwa aliyepokea amekwisha kuitoa.

Sasa niseme tulivyofanya. Tulimweka katikati ya duara. Nilikuwa mwenyekiti, mimi ndiye niliyeongoza kikao kile. Mmoja akasema "sisi hatujasoma lakini namba tunazijua." Mwingine akauliza kama huyo mtu si ndugu yake. Mimi nilisema, na maneno haya nayakumbuka, "uzembe wa mmoja hauwezi kubebwa na wote." Tukamwandikia alipe zote kutoka kwenye hisa zake. Alilipa. Hakubisha hata neno moja. Mwezi wa pili mwaka 2017 akaacha kuja, na kwa miaka miwili tukikutana kisimani tulikuwa tunasalimiana kwa macho tu.

Mwaka 2018 nilikuwa namtumia binti yangu hela ya nauli. Nikaweka namba, nikaweka kiasi, na kabla ya namba ya siri simu ikaandika jina lake kamili, ikaniuliza kama ndiye. Nilikaa chini. Mtandao ni ule ule. Kumbe ilikuwa inawezekana siku zote simu ikuonyeshe jina kabla hela haijaondoka. Kule Kenya wenzetu walikuwa nayo tangu 2015, Safaricom waliita Hakikisha, jina zuri kabisa. Swali moja lile lingekuwapo siku ile ya mvua, mwenzetu angeona jina geni, angesema "siye", angefuta. Kasoro ilikuwa ya chombo kisichompa mtu nafasi ya kujisahihisha. Sisi tukaitia juu ya kichwa chake, na yeye mwenyewe akakubali kwamba ni yake, kama nilivyokubali mimi habari za kile kitabu cha akiba.

Nililala na jambo hilo miezi kadhaa, siwezi kusema uongo kwamba nilikwenda kesho yake. Mwaka 2019 nililileta kikaoni. Hakukuwa na mabishano marefu kama nilivyoogopa. Wanachama walikubali arudishiwe 180,000 kutoka mfuko wa faini, na watu watatu, mimi wa kwanza, tukaenda kwake tukakaa mkekani tukaomba radhi. Alitupikia muhogo wa nazi. Alisema jambo moja tu, kwamba kilichomuuma haikuwa hela, ni kwamba tangu siku ile mkono ulikuwa unamtetemeka kila akishika simu, hata kumpigia mwanawe. Alirudi kikundini mwezi uliofuata.

Sasa mnaona kwa nini nimeandika haya wakati huu. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vikundi vyetu vimesajiliwa na hesabu zinatakiwa ziwe safi, na zipo huduma za simu zilizotengenezwa kwa ajili ya vikundi. Faida zake ni kweli. Hakuna sanduku la kulindwa usiku, mweka hazina halali macho, na aliye safarini anaweka hisa zake bila kutuma mtu. Nyingine zimefuata hekima ile ile ya kufuli tatu, fedha haitoki mpaka watu zaidi ya mmoja wakubali, na kila mwanachama anapata ujumbe. Nilipoelezwa hilo nilisema huyu aliyefikiri hivi aliwahi kukaa chini ya mwembe.

Lakini pia nimeonyeshwa moja ambayo inataka simu kubwa ya kuchezesha kidole kwenye kioo, maneno mengi ya Kiingereza, na alama ndogo ndogo ambazo hata kijana aliyekuja kutuonyesha alibonyeza ya makosa mara mbili. Alipokosea alicheka. Angekosea mmoja wetu angesema "mama hajaelewa." Mimi nimekwisha kuyachoka maneno hayo. Wanachama 9 kati yetu bado wana vitochi, na bibi yetu anahesabu samaki.

Nawaambia msimamo wangu ili msiseme mwenyekiti anajificha. Siipingi simu. Napinga chombo chochote ambacho mwanachama mmoja atalazimika kumpa mtu mwingine namba yake ya siri ili amfanyie. Siku hiyo kufuli tatu zitakuwa zimekuwa moja, na ufunguo wake uko kwa mjukuu.

Kwa hiyo kamati imekubaliana hivi. Kabla ya kura, wiki nne mfululizo, tutaijaribu ile huduma ya kitochi kwa hisa moja moja tu, shilingi elfu moja. Kila mwanachama ataweka mwenyewe na kuangalia salio mwenyewe. Atakayekwama hatutamnyang'anya simu na kumbonyezea. Tutanyamaza, tutatazama kidole chake kimesimama wapi, na katibu ataandika. Mahali kitakaposimama vidole vya watu watano, tutawapelekea wenye huduma hiyo waambiwe parekebishwe, na wasiporekebisha tutajua jibu. Sanduku litaendelea kufunguliwa kila Alhamisi kama kawaida mpaka kura ipigwe.

Tulipouliza nani ataanza, kila mtu alimtazama mwenzake. Bibi alisema ataanza yeye kwa kuwa hana aibu ya kupoteza. Halafu mwenzetu yule wa mchele akanyanyua mkono. Alisema atakuwa wa kwanza yeye, lakini kwa elfu moja yake mwenyewe, na kwamba safari hii atasoma jina kwa sauti kubwa mpaka walioko barabarani wasikie.